Dawa na Dua: Kazi ya Mlezi wa Kiroho Katika Hospitali ya Magonjwa ya Akili
Maandishi ya mazungumzo na wafanyabiashara na wakazi, Marikiti, Kisiwani Mombasa



Soko hili kwenye vitabu vya serikali huitwa Mackinnon, jina ambalo ukimtajia mchukuzi wa hapa atakuuliza ni wapi huko. Ndani yake kuna meza za viungo, za marashi, za udi na ubani. Wenye meza hizo wanajua kwamba si kila anayenunua zafarani anakwenda kupika biriani. Yuko anayenunua kidogo, pamoja na chupa ya marashi ya waridi, apeleke kwa mwalimu aandikiwe kombe la mtu aliye nyumbani: kijana aliyeacha kulala, binti aliyejifungua juzi na sasa anamwogopa mwanawe mwenyewe, mume anayejibizana na watu wasioonekana. Na ukitoka hapa ukaelekea Nkrumah Road, wako wanaoingia kanisani na habari hiyo hiyo, kumwomba padri au mchungaji amwekee mgonjwa mikono.

Ndivyo ilivyo Pwani. Maradhi ya akili yakibisha hodi, mlango wa kwanza kuendewa huwa ni wa mtu wa dini, na hospitali hufuata baadaye, mara nyingine baada ya miaka. Mada ya leo ni huyo mtu wa dini, na hasa kazi yake pale mgonjwa anapokuwa ameshafika wadini. Kazi hiyo ipo, ina mipaka yake, ina watu waliosomea, na familia nyingi za kaunti hii hazijui kwamba zinaweza kuiomba.

Kwa Kiswahili hakuna neno moja lililozoeleka. Wakristo husema kasisi wa hospitali, Waislamu imamu au ustadh wa hospitali. Hapa atatajwa kama mlezi wa kiroho. Mombasa haikosi mfano wake. Bandari ina walezi wa mabaharia, na nyumba yao iko Mogadishu Road kwa miaka mingi. Magereza yana wao. Jeshi la Kenya lina mapadri, wachungaji na maimamu wanaovaa sare. Baharia aliyekaa miezi tisa majini hapokewi kwa mahubiri. Huulizwa kwanza kama amezungumza na mkewe, kama mshahara wake umelipwa, kama anaumwa. Sala hufuata akiitaka mwenyewe. Mlezi wa wadi ya wagonjwa wa akili hufanya kazi kwa mtindo huo huo, ila mtu aliye mbele yake amepotelewa na kitu kikubwa zaidi ya mshahara.

Asili ya kazi hii katika hospitali za leo inamgusa mtu mmoja wa Marekani, Anton Boisen, mchungaji ambaye mwaka wa 1920 alilazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili. Alipopona hakuficha. Mwaka wa 1924 akawa kasisi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, jimbo la Massachusetts, na mwaka uliofuata akaanza kuwaleta wanafunzi wa theolojia wodini wajifunze kwa kukaa na wagonjwa. Alikuwa akiwaambia kwamba mgonjwa ni kitabu kinachostahili kusomwa kama kingine chochote walichopewa chuoni. Mafunzo ya walezi wa hospitali yameenea duniani kutokana na mwanzo huo, na hapa Kenya yanatolewa pia, kwa mfano katika hospitali ya Tenwek kule Bomet.

Waislamu nao wana urithi wao katika jambo hili, na ni wa zamani zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka wa 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Humo alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni inayomshika mtu bila sababu yoyote ya nje, ambayo aliiona inatoka mwilini na inahitaji tiba ya mwili. Miaka zaidi ya elfu moja imepita. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka wa 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili chini ya paa moja na wagonjwa wengine. Kwa hivyo anayesema kwamba kumpeleka mgonjwa wa akili kwa daktari ni mambo ya wazungu, hana habari za dini yake mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Mlezi wa kiroho hukaa na mgonjwa. Hili laonekana dogo mpaka mtu afikirie siku ya mgonjwa wadini ilivyo. Daktari ana wagonjwa wengi na dakika chache. Muuguzi ana dawa za kugawa. Jamaa wako mbali, au wameona aibu, au wamechoka. Mgonjwa amebaki na maswali ambayo hayamo kwenye faili: Je, Mungu ameniacha? Hii ni adhabu ya kile nilichokifanya? Sala yangu inakubaliwa nikiwa katika hali hii? Nikimeza vidonge, nimekosa imani? Daktari anaweza kuyasikia maswali hayo, lakini jibu lake halina uzito uleule. Mwislamu akiambiwa na imamu kwamba aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa kwake na haandikiwi dhambi, hupumua. Mkristo akiambiwa na padri wake kwamba kuugua si ushahidi wa kukosa imani, hulala usiku ule.

Pili, mlezi huwasaidia madaktari kusikia. Mgonjwa akisema "Mungu amesema nami", daktari asiye wa dini ile anaweza kuandika hayo kuwa ni dalili ya ugonjwa wakati ni usemi wa kawaida wa muumini. Au kinyume chake, familia ikaona ni utukufu wakati mtu anaungua ndani. Mlezi aliyesomea ana namna ya kupima. Ibada ya kawaida humrudisha mtu kwa watu: anasali na wenzake, anakula, analala, anakwenda kazini. Ugonjwa humtoa kwa watu. Hali, halali, anasali usiku kucha peke yake na hamruhusu mtu kuingia, sauti zinamtukana au kumwamrisha adhuru mtu. Mlezi hatoi hukumu ya ugonjwa. Humweleza daktari kwamba hili katika dini yetu ni la kawaida, na hili si la kawaida hata kwetu.

Na majini? Swali hilo Pwani halikwepeki, na mlezi mzuri halikwepi. Mama anaweza kusema, "Maalim, huyu si jini huyu?" Jibu la busara huwa kama hili: "Ajuaye ni Mungu, mamangu. Lakini mwanao ana siku nne hajalala wala hajala, na anayeweza kumlaza leo ni daktari. Kisomo tutasoma, na dawa ataimeza." Hapo hakuna aliyedharauliwa. Mama hakuambiwa imani yake ni ujinga, na kijana hakucheleweshwa. Ukimlazimisha mama achague kati ya maalim na daktari, wengi watamchagua maalim, na atakayelipa ni kijana.

Kifafa ni mfano mzuri, kwa kuwa nacho hutibiwa katika kliniki nyingi za magonjwa ya akili nchini. Kilifi, jirani zetu hapa, watafiti wa KEMRI wamekichunguza kwa miaka mingi, na wameandika jinsi familia nyingi zinavyoanza kwa mganga, kwa kuwa mshtuko wa mwili unafanana sana na mtu aliyepandwa. Kumbe kifafa ni maradhi ya ubongo, na wagonjwa wengi hutulia kabisa kwa vidonge vya kila siku. Mtoto aliyeachwa bila dawa huanguka kwenye moto wa jiko au kisimani.

Liko jambo moja ambalo mlezi wa kiroho analiweza kuliko mtu yeyote mwingine hospitalini, nalo ni saumu na mikesha. Hapa pana hatari ya kweli, na inafaa isemwe taratibu.

Baadhi ya wagonjwa wenye baipola, yaani maradhi ya hisia kupanda kupita kiasi kisha kushuka, hupewa dawa iitwayo lithiamu. Ni dawa nzuri, lakini mwili ukipungukiwa na maji, kiwango chake katika damu hupanda na kinaweza kuwa sumu. Mtu huyo akifunga Ramadhani katika joto la Mombasa bila kumwona daktari, au akifunga siku tatu kavu kwa maombi, anaweza kuanza kutetemeka, kutapika, kuyumba, na kufika hospitali akiwa hali mbaya. Dawa nyingine zinazomezwa asubuhi na jioni zinaweza kuhamishiwa futari na daku, lakini anayehamisha ni daktari, si mgonjwa mwenyewe wala jirani. Mikesha nayo ina yake. Kwa mwenye baipola, usiku mmoja wa kutolala unaweza kuwasha moto uliokuwa umezimika, uwe ni kesha la maombi kanisani au ni la kumi la mwisho msikitini. Usingizi kwake ni sehemu ya dawa.

Daktari akimkataza mgonjwa kufunga, mgonjwa anaweza kutii akiwa mbele yake kisha akafunga nyumbani, kwa hofu ya Mola wake. Imamu akimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa, kwamba siku hizo zina malipo yake kwa mujibu wa sheria, na kwamba kula kwake ni utiifu, hapo anakula kwa moyo mweupe. Kadhalika mchungaji akimwambia muumini kwamba anaweza kuacha kitu kingine badala ya chakula na maji. Neno hili moja likisemwa na mtu anayeaminiwa, wiki mbili kabla ya mfungo, linaokoa kitanda hospitalini.

Kuna mambo ambayo mlezi wa kiroho hafanyi, na familia iyajue ili isidanganywe. Haandiki dawa wala haifuti. Hamwambii mgonjwa aache vidonge kwa kuwa ameombewa. Habadilishi dini ya mtu aliye dhaifu kitandani: Katiba ya Kenya, ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na uhuru huo haukai nje ya lango la hospitali. Mwislamu akitaka imamu aitiwe imamu, Mkristo aitiwe wa kanisa lake, Mhindu na Mbohora vivyo hivyo, na asiyetaka yeyote aachwe kwa amani. Halipishwi mtu kwa ajili ya dua. Na hapigi.

Hili la kupiga lisemwe wazi. Wako watu wanaofungwa minyororo kwenye vyumba vya uani, au kwenye vituo vya maombezi na kwa waganga, wakichapwa ili pepo atoke, wakinyimwa chakula ili pepo adhoofike. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka wa 2020 juu ya kufungwa minyororo kwa watu wenye matatizo ya akili katika nchi karibu 60, na Kenya ilikuwa mojawapo. Wengi waliowafunga ni jamaa zao wenyewe, watu waliowapenda na waliokosa la kufanya. Hata hivyo kumpiga mtu ni kosa la jinai, awe anayepiga ameshika msahafu, Biblia au usinga. Mlezi wa kiroho aliye mwaminifu ndiye anayeweza kuingia katika nyumba hiyo bila kufukuzwa, akakaa na baba mwenye nyumba, na kumwambia mnyororo huu utolewe leo na gari litafutwe.

Siri nayo ina taratibu yake. Anachoambiwa mlezi hakifiki sokoni. Marikiti inajulikana kwa habari kukimbia haraka kuliko mkokoteni, na mgonjwa ana haki ya kuogopa hilo. Lakini siri ina mpaka mmoja: mgonjwa akisema anataka kujiua au kumdhuru mtu, mlezi humwambia muuguzi saa ile ile, na humweleza mgonjwa kwamba atafanya hivyo na kwa nini.

Kwa muda mrefu, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Aliyeokolewa aliweza kutoka hospitali akaingia kituo cha polisi. Familia zilificha, zikasema amekunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila kuonwa na mtu wa akili. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Uamuzi huo umeondoa hofu ya pingu. Hofu ya aibu ya dini bado ipo, na hiyo jaji hawezi kuiondoa. Itaondolewa na imamu anayekwenda kumjulia hali aliyeokolewa, akanywa chai nyumbani kwao mchana watu wakiona, na na padri anayelitaja jambo hilo kwenye ibada ya Jumapili bila kulaani.

Je, watu wa dini na wa hospitali wanaweza kufanya kazi pamoja bila kugombana? Makueni walijaribu. Wataalamu wa afya ya akili waliwakalisha pamoja waganga wa kienyeji, wachungaji wanaoombea wagonjwa, na wahudumu wa kliniki, wakazungumza kwanza juu ya kutoaminiana kwao. Kisha waganga na wachungaji walifundishwa kutambua dalili, wakitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kuwatuma wagonjwa kliniki. Mwanzoni kila upande ulilalamika kwamba mwenzake anamdharau, na malalamiko hayo yalikuwa na ukweli pande zote mbili. Daktari anayemcheka maalim mbele ya mgonjwa amempoteza mgonjwa huyo.

Kisheria, wajibu uko pia kwa kaunti. Afya ni jukumu lililogatuliwa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 1989 ilirekebishwa mwaka wa 2022, na marekebisho hayo yakaziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili, zikiwemo zile za karibu na jamii. Miaka miwili kabla, jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura nchini. Kaunti hii ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Katika umati huo hakuna mtaa usio na nyumba yenye mgonjwa, iwe Kibokoni, Majengo au Kisauni.

Kwa mkazi wa kisiwani, huduma ya kulazwa iko Port Reitz, ng'ambo ya Makupa kupitia Changamwe. Anayempeleka mgonjwa huko abebe vitu hivi: vidonge vyote anavyotumia, hata vya presha na kisukari, pamoja na dawa za kienyeji na kombe alilokunywa, bila kuficha, kwa sababu daktari anahitaji kujua kilichoingia mwilini. Aseme tangu lini mgonjwa hajalala. Aseme dini ya mgonjwa na aulize, kwa adabu na bila kuogopa, ni utaratibu gani wa kumleta imamu, padri au mchungaji wake. Na huyo atakayeitwa aanze kwa muuguzi mkuu wa wadi kabla ya kwenda kitandani, ajue kama mgonjwa anaweza kuzungumza siku hiyo, na akae muda mfupi. Mgonjwa aliyechomwa sindano ya kutuliza hana nguvu za kusikiliza khutba.

Kisha inakuja siku ya kurudi nyumbani, ambayo madaktari wengi watakuambia ndiyo yenye hatari kuliko ile ya kulazwa. Mtu amepata nafuu, anajiona mzima, vidonge vinamnenepesha au kumpa usingizi, na moyo unamwambia aviache. Kanisani wanamwita mbele atoe ushuhuda kwamba ameponywa. Atoe, lakini aliyemkabidhi kipaza sauti amwambie hapo hapo, mbele ya wote, kwamba dawa aendelee nazo mpaka daktari aseme. Msikitini hakuna ushuhuda wa namna hiyo, ila kuna ndugu wanaomnong'oneza kwamba dawa za hospitali zinafunga kisomo kisifanye kazi. Imamu akilijibu neno hilo mara moja kwenye mawaidha baada ya Alasiri, limekufa mtaani.

Kwa wale wanaopewa sindano ya kila mwezi, mtu mmoja wa nyumbani aiandike tarehe, na mtu mmoja wa msikitini au kanisani aijue. Siku ikifika, ndugu akakosa nauli au mgonjwa akagoma, huyo wa pili aende amchukue.

Na wenye meza hapa sokoni wana yao. Yuko mtu alikuwa akipakua nazi au kupanga maembe kwenye meza ya mtu, akaugua, akakaa wadini miezi miwili. Akirudi, aitwe kwa jina lake, si "yule kichaa". Arudishiwe kazi kidogo kidogo, asubuhi kwanza, kwa sababu dawa za jioni humchelewesha kuamka, na siku ya kliniki apewe ruhusa bila kukatwa ujira.